Majina Juu ya Mawe ya Kagezi

Vijana wa kituo, mliniomba niandike kumbukumbu za kazi yangu "kabla hazijapotea". Nashukuru kwa kunijali. Mliongeza kwamba kurasa mbili zinatosha kwa sababu mtazisoma kwenye simu. Basi someni kwa awamu, na betri ikiisha ngojeni umeme kama watu wote wa Goma. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana mambo hayo mawili hayawezi kujaza hata mstari mmoja. Nitawaambia kazi ilivyokuwa.

Wengi wenu mnafikiri Papa Faustin alizaliwa akiwa animateur, yaani mwezeshaji, wa kituo cha sanaa, ameshika daftari la mahudhurio. La. Nilianza kama mchoraji wa vibao, chini ya Papa Kizito, aliyekuwa na banda lake katika mtaa wa Birere. Papa Kizito alikuwa na shati moja la kazi, nalo lilibeba rangi za saluni, maduka ya dawa na makanisa yote aliyowahi kuyapitia. Ukitaka kujua kama ameshawahi kutumia rangi fulani ya kijani, ulimgeuza mgongo ukatafuta.

Siku yangu ya kwanza sikugusa brashi. Nilipewa mkia wa ng'ombe kutoka machinjioni, bado una harufu, nikaambiwa nitenge nywele laini na zile ngumu. Kazi hiyo ilinichukua hadi jioni. Tulizifunga nywele hizo kwa uzi, tukazibana ndani ya kipande cha kopo la sardini, tukatia kijiti, na hiyo ndiyo ilikuwa brashi. Najua ninyi mnanunua brashi dukani, zinakuja ndani ya plastiki, na wiki ya pili zinaanza kupukutika kama kuku mgonjwa. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba brashi yangu ya kwanza ninayo mpaka leo.

Baada ya brashi nilijifunza herufi, na baada ya herufi vichwa. Kibao cha saluni lazima kiwe na vichwa vya watu walionyolewa vizuri. Kichwa changu cha kwanza kilitundikwa mbele ya saluni moja karibu na soko, na mwenye saluni alirudi siku ya tatu akilalamika kwamba wateja wanaingia kumpa pole. Papa Kizito alikwenda kukitazama, akarudi, akanywa maji, akasema: "Faustin, uliona ule mutu wapi? Na yeye anajua yuko namna ile?" Kisha akakaa nami wiki nzima tukichora masikio tu. Hakunifokea hata mara moja. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza, kisha kufundisha, na mimi nimejaribu kuwa hivyo kwenu, ingawa baadhi yenu mmeifanya kazi hiyo ya kucheka iwe ndefu mno.

Mama Béatrice alinikuta nikichora samaki kwenye ukuta wa mkahawa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na ndiye aliyeanzisha kituo chetu, wakati huo kikiwa chumba kimoja chenye meza na viti vinne. Alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Ile samaki yako inaonekana iko inawaza," akasema.

"Mama, iko inaogopa mafuta."

Alicheka, akaniambia ana kazi inayonifaa. Kulikuwa na kijito kule Kalengera, kando ya barabara kuu ya kwenda Rutshuru, na msitu mdogo juu yake. Watu walianza kukata miti ya msitu huo na kutupa takataka kwenye kijito. Kulikuwa na wafadhili waliotaka watu wa pale wakipende tena kijito chao kupitia sanaa. Ningekwenda kila wiki, nikae nao, tuchore pamoja.

Nilikubali kabla sijafikiri. Usiku huo nilikumbuka jambo moja dogo: mimi ni mtu wa Goma, na Goma haina kijito. Wazazi wangu ni Washi, kabila la upande wa Bukavu, ambako mito iko, lakini mimi nimekulia juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha kwetu, maji yanapenya katikati ya mawe kabla hujafunga mwavuli. Mto wa kwetu ni lori la maji, na ukiona watu wanaukimbilia ni kwa sababu dereva amepiga honi. Sasa nilitumwa kwenda kuwafundisha watu kupenda kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukaa kando yake hata asubuhi moja.

Watu wa Kalengera walikiita kijito chao Kagezi, maana yake kijito tu. Hawakuwa na haja ya jina jingine, hakikuwa na mwenzake wa kuchanganywa naye. Wenzake walikuwepo zamani, ila walikauka misitu yao ilipogeuzwa makala, yaani makaa ya kupikia. Kagezi kilibaki, na karibu kijiji chote kilikunywa kutoka humo.

Nilishuka kwenye gari na mafurushi ya vitambaa vyeupe na makopo ya rangi. Nilikuta watu wengi wamejaa uwanja wa kanisa, nikafurahi, nikamwambia moyoni Papa Kizito: ona, mwanafunzi wako ana sifa. Kisha nikaona kila mmoja ameshika mfuko mtupu.

"Papa, unga iko wapi?" akauliza mama mmoja mrefu, aliyesimama mbele ya wote.

"Hakuna unga, mama. Nimeleta rangi."

"Rangi ya kukula?"

"Ya kuchora."

Akageuka akawatafsiria wenzake kwa Kinyarwanda. Ilikuwa sentensi fupi sana, na nusu ya uwanja ikaondoka. Huyo alikuwa Mama Esperance, mjane wa marehemu Sebagabo, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya kijito. Yeye hakuondoka. Baadaye nilimuuliza kwa nini alibaki. Akasema alitaka kuona mtu mzima anayelipwa kwa kuchora.

Waliobaki niliwapa vitambaa na rangi, nikawaambia: choreni Kagezi, kila mmoja anavyokiona. Nikakaa kivulini nikisubiri mawimbi, mawe na majani. Nilipopita kukagua nilikuta bomba lenye mifereji minne. Nikakuta zahanati yenye msalaba mwekundu. Nikakuta mabati, vitanda, daraja la saruji, na gari jeupe lenye antena ndefu. Msicheke. Watu hawa walikuwa wamekimbia vita na kurudi mara nyingi kuliko wanavyopenda kuzihesabu, na kila mgeni aliyekuja na kalamu aliwauliza jambo lile lile: mnakosa nini? Mtu akija na rangi badala ya kalamu, utamjibu vilevile, tena kwa rangi.

Papa Habimana, mdogo wake marehemu Sebagabo, alichora nyumba nzuri yenye ukuta wa saruji na lango la chuma. Alichora mpaka kufuli.

"Hii ni nini, Papa?"

"Nyumba yangu ya Munigi, karibu na Goma."

"Uko na nyumba Munigi?"

"Hapana. Njo maana naichora."

Nilivirudisha vitambaa hivyo Goma, Mama Béatrice akavitandika juu ya meza, akavitazama kimoja baada ya kingine. "Kijito iko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha chini ya daraja la saruji, mstari mwembamba wa buluu. Akavaa miwani ili auone.

Nikabadilisha mbinu. Wiki zilizofuata nilichora mwenyewe, kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa. Nilichora mlima, msitu, na Kagezi kinashuka, na ng'ombe mmoja mzuri anakunywa maji. Nilijisikia bingwa. Watu walikusanyika, wakaegemea majembe. Kisha mzee mmoja akainamisha kichwa upande.

"Hii mayi iko inapanda mulima?"

Nilitazama. Kweli, katika kona ile kijito changu kilikuwa kinapanda. Mtu aliyekulia na lori la maji hajui kwamba maji yana adabu zake.

Kabla sijajitetea, wakahamia kwa ng'ombe. Kwangu mimi ng'ombe ni ng'ombe. Kwao, ng'ombe asiye na mwenyewe hayupo duniani. Walimtazama pembe, wakamtazama baka jeupe la shingoni, na uamuzi ukatoka: ni wa Papa Kalisa. Papa Kalisa alikuwepo. Na ng'ombe wake, hapo ukutani, alikuwa amesimama ng'ambo ambayo mifugo haikanyagi, kwa sababu ndipo wanawake wanapochota maji ya kunywa.

"Kumbe njo kule unaivushaka!" Mama Esperance akasema.

"Ng'ombe yangu haivukaka! Ni huyu Mushi wa Goma njo ameivusha!"

"Na mayi ilichafukaka mwezi jana ni nani?"

Mambo yalienda mrama kwa muda wa saa nzima. Mwishowe niliamriwa nimfute ng'ombe na kumrudisha ng'ambo ya pili, na Papa Kalisa akasimama nyuma yangu mpaka kwato ya mwisho ikavuka. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, walibishana juu ya Kagezi na si juu ya unga. Nilirudi Goma nimefurahi, nikamweleza Mama Béatrice. Alisema niandike kwenye ripoti kwamba kulikuwa na "mjadala wa jamii". Niliandika hivyo hivyo.

Hapo ninyi vijana chukueni jambo moja la ufundi. Ukichora mahali pa watu, weka kosa. Hapana, ngojeni, msiandike hivyo kwenye mpango wa mwaka; nasema tu kwamba mimi sikuhitaji kuliweka, lilikuja lenyewe.

Na jambo lingine la ufundi: brashi haioshwi kwenye kijito. Nililijua hilo, lakini jioni moja nilishuka na brashi mkononi nikiwaza mambo mengine, na nilikuwa nimeshainama Mama Esperance aliponishika mkono.

"Weye njo umekuja kutufundisha mayi?"

Tangu siku ile niliosha brashi kwenye bakuli la petroli mbali na kijito, na yeye alikuja kukagua bakuli kama askari wa ushuru.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, ile mnayoniuliza kila mara mkiwa mmekunywa chai yangu.

Msitu wa juu ya Kagezi uliachwa na baba yao akina Sebagabo na Habimana. Sebagabo alipokuwa hai, hakuna mti ulioguswa, kwa sababu alijua mti ukienda, kijito nacho kingeufuata. Alipofariki, Papa Habimana alianza kuuona msitu kwa jicho jingine. Nisieleweke vibaya. Hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mtu aliyechoka kukimbia. Alisema mwenyewe, mbele yangu: "Kila mara risasi ikilia, nabeba godoro. Nataka nyumba fasi batu ni bengi." Nyumba ile ya lango la chuma aliyoichora, mahali penye watu wengi, ilikuwa haimtoki kichwani, na msitu ulikuwa ndio njia pekee ya kuifikia. Akapata mnunuzi, mfanyabiashara wa makala wa Goma. Mnunuzi alikuwa anakuja kuutazama msitu, na wakishapatana miti ingeanguka.

Mama Esperance alinikuta kanisani nikimaliza mawingu. Hakuwa na utani siku hiyo. Alikuwa ameketi na shemeji yake usiku kucha, na shemeji amesema mwanamke hana neno katika ardhi ya baba yao. Chifu amesema ni mambo ya familia, wayamalize nyumbani.

"Kagezi itakauka," akaniambia. "Mimi nitaenda wapi? Nimezika bwana yangu pale, na batoto babili. Papa Faustin, uniandikie."

"Nikuandikie nini, mama?"

"Ile banaandikaka kwa nyumba, kule kwenu Goma."

Nilielewa mara moja, na ninyi pia mmeelewa. Kwa ajili ya msomaji wa mbali nitaeleza. Kwetu, familia ikiogopa kwamba mmoja wao atauza nyumba kwa siri, inaita mchoraji, naye anaandika ukutani kwa herufi kubwa PARCELLE À NE PAS VENDRE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi, na chini yake jina la familia. Nimeandika maneno hayo kwenye kuta nyingi. Nimeyaandika kaka akinishikia ngazi na dada akilia. Mnunuzi wa Goma haogopi mvua wala foleni, lakini akiyaona maneno hayo anageuza pikipiki, kwa sababu anajua atakuwa ananunua kesi ya mahakamani pamoja na binamu wote wa familia hiyo.

Lakini msitu hauna ukuta. Na mimi nilikuwa mtu wa kituo, nilitumwa kuchora miti, sikutumwa kuingia katikati ya mjane na shemeji yake. Nilimwambia hivyo. Alinitazama, akasema tu: "Basi uchore ile miti haraka, ju baada ya hapo hautaiona tena."

Nilipiga moyo konde nikamwambia alete jambo hilo kwa watu wote Jumapili baada ya ibada, si kwangu peke yangu.

Walikaa uwanjani. Papa Habimana alikuwepo, amekunja mikono. Mama Esperance alisimama akasema anataka maneno yale yaandikwe juu ya mawe makubwa yaliyo kando ya Kagezi, tangu juu msituni hadi chini barabarani.

"Na jina ya nani?" akauliza Papa Habimana. "Ju jina ya mwenye mali njo inaandikwaka. Mwenye mali ni mimi."

Alikuwa na haki kwa upande wake, na watu walijua. Ndipo Papa Kalisa, yule wa ng'ombe, aliponyanyuka.

"Msitu ni yako, sikatae. Lakini lile jiwe la chini, fasi ng'ombe yangu inakunywaka, baba yangu njo alilisukumaka pale. Andika jina yangu juu yake."

"Na lile la kunolea majembe ni la kwetu," akasema mwingine.

"La kwenu tangu lini?"

Basi hapo ndipo mlango ulipofunguka, na haukufungika tena. Kila familia ilikuwa na jiwe. Kulikuwa na jiwe la kulowekea muhogo, jiwe la kufulia, jiwe la wanaume wanaotoka shambani kuoga, na la wanawake, mbali kidogo, nyuma ya kichaka. Walibishana, wakatukanana kwa upole, wakashuka wote pamoja kwenda kuonyeshana. Mimi niliwafuata na kopo la rangi. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewaomba wanionyeshe Kagezi wanavyokiona, wakanichorea mabomba. Siku ile walinionyesha kona kwa kona.

Swali la lugha lilitusumbua. Mimi nilipendekeza Kiswahili, kila mtu aelewe.

"Hapana," akasema Mama Esperance. "Andika Kifaransa. Ile njo inaogopeshaka."

Nilifanya kazi siku nyingi mfululizo. Jiwe unalisugua kwanza kwa brashi ya waya kuondoa kuvu, unaliacha likauke, unapaka rangi nyeupe mara mbili, kisha unaandika kwa nyeusi. Kila familia ilikuja kusimamia. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alinipeleka juu kabisa, ndani ya miti, kwenye jiwe ambalo maji hayalifikii. Nilimuuliza hapa familia yake inafanya nini.

"Hapa njo tulilalaka wakati batu balikimbia," akasema. "Huyu nilimuzala hapa."

Niliandika jina lao polepole kuliko mengine yote.

Kwenye jiwe lililo karibu zaidi na nyumba yake, Mama Esperance alitaka jina la marehemu mumewe. Niliandika FAMILLE SEBAGABO. Alilizunguka mara kadhaa, akasema S imelala kidogo. Ilikuwa kweli.

Mnunuzi alikuja akiwa amevaa viatu vya ncha kali, viatu vya mtu anayenunua msitu bila nia ya kuingia ndani. Papa Habimana alimtangulia. Mimi nilikuwa namalizia jiwe la mwisho, nikaendelea kuchovya brashi kana kwamba simo. Jiwe la kwanza alilipita. La pili alipunguza mwendo. La tatu alisimama, akasoma kwa sauti, kisha akatazama juu kijitoni na kuona meupe yale yamepangana hadi ndani ya miti.

"Papa, uliniambiaka mwenye msitu ni mumoja."

"Njo mimi."

"Na hawa?"

"Ni majirani tu."

"Majirani banaandikaka kwa parsele ya mutu?" Akatoa leso akajifuta shingo. "Papa, mimi niko tayari na kesi mbili kwa tribinali, ya kiwanja kimoja tena chenye ndugu watatu. Hapa niko nasoma kijiji muzima."

Akamshika Papa Habimana bega kwa heshima, kama mtu anayeaga msiba, akaondoka zake. Watu waliokuwa wakifua walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Kisha nikamwona Papa Habimana amesimama peke yake katikati ya mawe yote yale, akisoma majina, na kicheko kikanikauka.

Mama Béatrice alipoona picha aliuliza sanaa iko wapi, maana wafadhili walitarajia maua na ndege. Nikamwambia azisome. Alizisoma kwenye simu, akizikuza moja moja kwa vidole, akaacha chai yake ikapoa. Ripoti aliiandika mwenyewe mwaka ule, na hakunionyesha.

Miti ilibaki. Watu wakaanza kuokota takataka, kila familia mbele ya jiwe lake, na kumsimanga jirani ambaye jiwe lake ni chafu. Kila niliporudi nilikuta jambo jipya: mtu amepanda maua kuzunguka jina lake, mwingine amechora kuku, kuku mbaya kweli, lakini wake mwenyewe. Nilifundisha kuchanganya rangi, na sasa walinisikiliza, kwa sababu walikuwa na kitu cha kupaka.

Ila Papa Habimana hakushuka tena kijitoni. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa mwenye msitu, na kando ya kijito cha baba yake hakuwa na jiwe lenye jina lake. Alichota maji kwenye bomba la barabarani, ambalo hutoa maji linapopenda, na mkewe alinung'unika kijiji kizima kikasikia. Akikutana na Mama Esperance njiani alisalimia akitazama miguu. Mama Esperance naye aliitikia akitazama mlima. Niliwachokoza wote wawili, mmoja mmoja, na ule ulikuwa utani pekee katika kazi yangu yote ambao haukuchekesha mtu.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kurudia rangi kwenye mawe yale, kwa sababu mvua ilikuwa imeyafifisha. Nilikuwa nimefika jiwe la Sebagabo, Mama Esperance amekaa pembeni akichambua maharage na kunikumbusha ile S. Papa Habimana akatokea kwenye njia ya juu, amebeba bidoni, dumu lake la maji la manjano. Alikuwa amezeeka. Akasimama upande wa pili wa maji.

"Papa Faustin, banasema unastaafu."

"Njo hivyo, Papa."

"Basi, kabla haujaenda." Akakohoa. "Uniandikie na mimi. Fasi yoyote."

Nikamtazama Mama Esperance. Yeye akaendelea na maharage.

"Mawe iliisha, shemeji," akasema bila kuinua kichwa.

"Hata kwa muti."

"Kwa mti rangi haishiki, Papa," nikasema, kwa sababu ni kweli.

Alitikisa kichwa, akageuka kuondoka. Ndipo Mama Esperance alipoweka ungo chini, akanyoosha mkono, akachukua brashi kutoka mkononi mwangu bila kuniomba. Kusoma alijifunza ukubwani, kanisani, na kuandika alikuwa hapendi watu wamtazame. Akapiga magoti mbele ya jiwe. Chini ya jina la mumewe akaanza kuandika, ulimi nje, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, moja imegeuka nyuma mbele. Mkono wangu uliniwasha kumsaidia, nikaufunga mgongoni.

Papa Habimana alivuka maji na viatu vyake. Alisimama nyuma yake akasoma, midomo ikitembea polepole, neno baada ya neno: FAMILLE SEBAGABO NA MUDOGO YAKE.

Aliinama, akanyoosha kidole akitaka kugusa neno la mwisho.

"Usiguse, shemeji," Mama Esperance akasema. "Rangi haiyakauka."

Basi akaweka bidoni chini, akaketi kando yake juu ya majani, wakangojea ikauke.